Baraka Tumewapa, Maji Atawapa Nani?



Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, baada ya sala ya Isha, vijana wanane wa jumuiya yetu hawakuondoka msikitini kama ilivyo desturi yao. Walikaa safu ya nyuma, wakangoja wazee wamalize nyiradi, kisha mkubwa wao akasogea, akatoa shikamoo na kuomba wasikilizwe. Ombi lao lilikuwa fupi. Walitaka kupanda baiskeli kutoka Johannesburg hadi Bahari ya Hindi katika likizo ya Septemba, na kwa kila kilomita watakayoikata wawepo watu walioahidi kutoa kiasi fulani cha fedha. Fedha hizo ziende kwenye nyumba ambamo wazazi hulala wakati watoto wao wanapotibiwa saratani.

Wasomaji wengi wanafahamu kwa nini walichagua jambo hilo. Mtoto wa jirani yetu mmoja aliugua saratani ya damu, akatibiwa hapa kwa miezi mingi. Baba yake alikuwa akiuza mitumba, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku ilimshinda. Mama yake akapewa kitanda, jiko na shuka safi karibu na hospitali, wala hakudaiwa kodi. Leo mtoto huyo anasoma darasa la tatu, alhamdulillahi. Sisi wageni katika nchi hii tumezoea kuhesabu milango tuliyofungiwa. Vijana wetu walikuwa wameukumbuka mmoja uliofunguliwa.

Wazee walifurahi, na mmoja wao alitokwa na machozi. Dua ikasomwa papo hapo. Mikono ilipokwisha kushushwa, ikasikika sauti kutoka upande wa wanawake, sauti ya mama mtu mzima anayeheshimiwa na wote, mjane wa dereva wa lori: "Wazee wangu, baraka mmewapa. Maji atawapa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Imamu akatugeukia sisi, mwalimu mstaafu tusiye na kengele ya kutuita asubuhi, akatutaka tuichunguze habari ya safari za namna hii kisha tuwaarifu watu. Makala haya ndiyo taarifa yetu. Ndani yake limo pia kosa tulilolifanya wenyewe, nasi hatutalificha.

WALIOTUTANGULIA

Jambo la kwanza tulilolibaini ni kwamba vijana wetu hawakuzua jambo geni. Hapa hapa Johannesburg, mwaka 1997, yalianzishwa mashindano ya baiskeli ya kilomita 94.7, umbali uliopewa namba ya masafa ya redio moja ya mji huu. Miongoni mwa washiriki wake, kwa miaka mingi, wameonekana watu waliovaa nguo za mabaka meusi na meupe mfano wa ng'ombe, na ndivyo wanavyojiita, The Cows. Mavazi hayo huchekesha, lakini kazi yao si mzaha. Hukusanya fedha kwa ajili ya CHOC, chama kilichoanzishwa mwaka 1979 na wazazi wenye watoto waliougua saratani, na ambacho miongoni mwa kazi zake ni kuendesha nyumba za kuwalaza wazazi.

Hata hivyo, kilomita 94.7 ni safari ya asubuhi moja. Mfano ulio karibu zaidi na ombi la vijana wetu ni safari iliyoitwa joBerg2c, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Craig Wapnick, Gary Green na Glen Haw. Ilianzia Heidelberg, kusini-mashariki mwa Johannesburg, ikaishia Scottburgh, mji wa ufukoni kusini mwa Durban. Umbali wake ulikuwa takriban kilomita 900, nao ulikatwa kwa siku 9, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei.

Mtu atauliza: kwa nini 900, ilhali barabara kuu ya N3 kutoka hapa hadi Durban haifiki 600? Jibu ni kwamba waandaaji waliikwepa N3. Barabara ile ndiyo mshipa wa malori baina ya bandari ya Durban na Gauteng, na penye mlima wa Van Reenen ukungu hushuka ghafla hata dereva asione mkia wa gari lililo mbele yake. Wao walipita njia za mashambani: Frankfort, Reitz, bwawa la Sterkfontein, kisha wakauteremka ukingo wa Drakensberg hadi pande za Winterton, halafu Nottingham Road, Underberg, Ixopo, Highflats, na mwisho baharini.

Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo mtu hudhani kwamba safari nzima ni mteremko. Sivyo. Ukishaushuka ukingo wa Drakensberg, nchi imejikunjakunja kama kanga iliyotupwa kitandani. Bonde la mto Umkomaas peke yake humshusha mtu chini kabisa, kisha humdai apande tena hadi ng'ambo. Fauka ya hayo iko hali ya hewa. Asubuhi za majira hayo katika Free State huwa na baridi inayofisha vidole hata mtu ashindwe kubana breki. Adhuhuri jua huunguza shingo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata kwenye tairi hadi gurudumu likatae kuzunguka, na mpandaji hugeuka mchukuzi wa baiskeli yake.

Je, watu mamia kadhaa waliwezaje kuvuka nchi ya namna hiyo kwa siku 9? Hapa ndipo tulipoanza kulielewa swali la mama. Mpandaji alibeba chupa za maji, pampu, mpira wa ndani wa akiba na chakula kidogo tu. Begi lake lilichukuliwa na lori. Hema alilikuta limekwisha kusimamishwa. Usiku mafundi walikaza spoki na kubadilisha minyororo, na waganga walitibu vidonda vya makalioni, ambavyo ndivyo maradhi makuu ya safari hizi. Shule na vikundi vya kijamii vya njiani ndivyo vilivyopika na kusimamia vituo vya maji, navyo vilipata fungu la fedha kwa kazi hiyo. Njia yenyewe ilikatiza katika mashamba ya watu binafsi, ambao walifungua malango yao ili msafara upite. Kwa hiyo sadaka ya safari ile haikungoja kufika baharini. Iligawiwa njiani, kwa wale wale walioifanya njia iwepo.

Nyumbani nako hatukukosa mfano. Mwaka 2019 ulianza msafara wa baiskeli wa Twende Butiama, kutoka Dar es Salaam hadi Butiama mkoani Mara, kwa kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na njiani wasafiri wake wamepanda miti na kugawa madawati shuleni. Na mwaka 2010 Waislamu wawili wa Cape Town walipanda baiskeli kwenda Hija, wakapita Malawi, Tanzania na Kenya, na safari yao ikachukua takriban miezi 9. Wao waliegemea ukarimu wa wenyeji wa kila nchi. Hata asiye na gari nyuma yake, basi, huwa na mtu wa kumpa maji.

Sisi tuliokuwa watoto mwaka 1967 twakumbuka pia matembezi ya kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Na twalikumbuka jina la Seti Benjamin, kijana aliyefariki dunia akiwa katika matembezi hayo ya kuliunga mkono Azimio. Tulifundishwa ushujaa wake. Swali la mama wa msikitini hatukuwahi kuulizwa darasani, wala sisi tulipokuja kuwa walimu hatukumwuliza mwanafunzi yeyote.

JUMAPILI YA HEIDELBERG

Tulipokwisha kuyasoma hayo tulijiona wajuzi. Tukawaambia vijana: kabla ya kuitazama bahari, nendeni Heidelberg kwa majaribio, ni kilomita 50 hivi. Jumapili moja ya Julai, baada ya sala ya Alfajiri, wakatoka Mayfair wote wanane. Nyuma yao ilikuwepo pikapu moja yenye madumu manne ya maji, mikate, machungwa, pampu na kisanduku cha dawa. Ndani, kando ya dereva, tulikaa sisi, msimamizi wa msafara.

Baridi ya Julai ya mji huu haihitaji kusimuliwa kwa wasomaji wetu. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na upepo wa kusini ulivuma usoni. Tulikuwa tumekubaliana kwamba gari litakaa nyuma ya vijana muda wote. Lakini mwendo wa baiskeli ni wa taratibu, na magari yaliyotufuata yalitupigia honi bila huruma. Tulipokwisha kuvipita viwanda vya Alberton tukamwambia dereva atangulie, tukawangoje kwenye kituo cha mafuta. Tukafika, tukamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, tukafungua gazeti. Dakika 20 zikapita, kisha 40. Simu yetu tulikuwa tumeiacha katika koti, na koti lilikuwa nyuma ya gari, juu ya madumu.

Huko nyuma, baiskeli moja ilikuwa imepata pancha, na pampu ilikuwa kwetu. Vijana wakasimama wote kumngoja mwenzao, na jasho likawapoa mwilini. Mdogo wao, wa miaka 17, alikuwa ametoka nyumbani na chai kavu tu tumboni, kwa kuwa aliona haya kumwamsha mama yake. Akaanza kutetemeka, maneno yakamkwama, akaketi majanini. Mwili unaofanya kazi ngumu huchoma sukari iliyo katika misuli na ini. Ikiisha, na baridi ikiwa kali, mtu huzimika kama taa iliyokosa mafuta. Mikate ilikuwepo, lakini ilikuwa pamoja nasi.

Aliyewaona ni mwanamke aliyekuwa akikaanga magwinya kando ya barabara, yale maandazi ya huku ambayo watoto wetu wanayapenda kuliko ya kwetu. Alivuka barabara na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, akamfunika kijana blanketi aliyokuwa amejifunga mwenyewe, akamlisha gwinya kwa vipande. Yeye alisema Kisotho, wao wakamjibu kwa Kizulu chao cha sokoni. Walipomwuliza deni lao, alitaja bei ya magwinya. Ya chai na ya blanketi hakuitaja.

Tuliporudi tukakuta mtoto wa watu ameketi, rangi imeanza kumrudia. Katika koti letu zilikuwemo simu saba zisizopokelewa. Mkubwa wa vijana hakutulaumu. Alisema tu, "Mwalimu, pampu ilikuwa garini."

Tumefundisha kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo tumewaadhibu watoto wengi kwa kosa la kuacha zamu. Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa mama yule tukamweleza yote. Hakutucheka. Alitueleza jambo ambalo hatukulijua kwa miaka yote ya ujirani wetu: mumewe hakufa kwa ajali, kama wengi wetu tulivyodhani. Lori lake liliharibika usiku barabarani, kifua kikambana, akapiga simu. Aliambiwa gari la msaada liko njiani. Lilifika asubuhi.

TULIYOKUBALIANA

Baada ya hapo tulikutana mara tatu, wazee, vijana na akina mama, na mama huyo ndiye aliyeongoza. Tunayaandika makubaliano kwa ufupi ili kila mzazi ayapime.

Kwanza, wasaidizi watapatikana kabla ya wapandaji kuondoka. Kwa wapandaji wanane tunahitaji watu tisa: madereva wawili na mmoja wa kuwapokea, fundi baiskeli, muuguzi, wapishi watatu, na msimamizi mmoja mwenye simu mkononi, si katika koti. Magari yatakuwa mawili. La mbele litaandaa kituo. La nyuma halitampita mpandaji wa mwisho kwa sababu yoyote ile, honi zipigwe zisipigwe.

Pili, chakula na maji. Hakuna atakayepanda baiskeli bila kula uji au mkate. Mtu atakula kabla ya kuhisi njaa: tende, ndizi, viazi vilivyochemshwa kwa chumvi. Maji yatanywewa kidogo kidogo, tena pamoja na kitu chenye chumvi, maana maji matupu mengi kupita kiasi nayo hudhuru mwili uliotoka jasho. Soksi kavu na glavu ni lazima.

Tatu, njia. Hatutaigusa N3. Tutapita barabara ndogo, na katika kila mji tutaomba shule au kikundi kimoja kisimamie kituo cha maji, nasi tutakilipa. Baadhi ya wazazi waliuliza kama ni salama watoto wenye lafudhi ngeni kupita vijijini. Swali hilo ni la haki. Hatujaisahau Mei 2008, ghasia zilipoanzia Alexandra na kuenea, na watu zaidi ya 60 wakauawa nchini. Muuza magwinya mmoja hafuti kumbukumbu hiyo. Lakini msafara unaopita kimya, usiomsalimu mtu wala kumwachia chochote, ndio unaotiliwa shaka. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi wenyeji wapone kweli kwa kupita kwetu, na watujue kwa majina kabla hatujafika.

Nne, ibada na mavazi. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala, na sisi Mashafii tuna ruhusa ya kuzikusanya pia. Ndugu zetu wa madhehebu ya Hanafi, ambao ndio wengi katika misikiti ya mji huu, wana rai yao katika kukusanya. Kila mmoja afuate madhehebu yake, na pasiwe na mdahalo kando ya barabara. Zile kaptura za kubana wanazovaa wapandaji zitavaliwa ndani, na juu yake suruali pana inayopita magoti.

Tano, fedha. Hizi ni amana ya watoto wagonjwa. Mafuta ya magari, chakula na malipo ya vituo vitatoka katika mfuko mwingine ambao wazee wameahidi kuujaza, ili kila randi iliyoahidiwa kwa kilomita ifike katika nyumba ile bila kupunguzwa. Daftari litakuwa na sahihi za watu watatu, litasomwa baada ya Isha, na hesabu itachapishwa katika jarida hili. Na ikiwa safari itakatishwa kwa mvua au ugonjwa, ahadi zitalipwa zote. Hatutaki kijana aendelee kupanda akiwa hoi kwa kuogopa kwamba kilomita zilizobaki zitamnyima mtoto kitanda.

Sita, na hili halikuwapendeza vijana: mwaka huu hatufiki baharini. Tutakwenda hadi Harrismith, chini kidogo ya kilomita 300, kwa siku nne, tukomee kabla ya milima. Bahari itangoja mwaka ujao, Mwenyezi Mungu akijaalia, tukishajua kwamba tunaweza kutunzana. Mkubwa wa vijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama Harrismith kuna duka la baiskeli. Tuliliona swali hilo kuwa dalili njema.

Tangu habari hizi zienee, waliojitokeza kutaka kupanda wamefika 14, na tumelazimika kuwaambia sita wangoje. Waliojiandikisha kusaidia ni wanne: mama wa msikitini, ambaye atasimamia jiko, dada mmoja muuguzi, fundi baiskeli wetu, kijana wa Kigoma, na sisi. Hatukupewa tena usimamizi, na ni haki. Tutakaa katika gari la nyuma, kazi yetu ikiwa kumpokea dereva na kushika pampu.

Nafasi tano zingali wazi. Hazina medali wala picha ukutani. Anayetaka moja kati ya hizo amwone mama huyo Jumapili asubuhi, watoto wanapoletwa madrasa. Kabla ya kuliandika jina lako atakuuliza jambo moja tu: ukiambiwa kaa hapa, utakaa?

Na yule muuza magwinya wa barabara ya Heidelberg, vijana wamempelekea blanketi mpya. Wanasema aliipokea, akaikunja, akaiweka kando, kisha akawauliza habari za yule mdogo.

Wabillahi tawfiq.